Kikombe Nilichokikoroga

Kosa langu la kwanza katika utafiti wa dawa lilikuwa kukoroga. Nilikoroga kikombe kimoja cha damu ya mbuzi, kingine nikakiacha kimetulia, kisha nikatangaza kwamba aspirini huzuia damu kuganda. Aspirini haikuwa na hatia. Kazi ilifanywa na kijiti. Kila mtoto wa Embu aliyewahi kutumwa akinge damu ya kupikia mutura, ule utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama na damu, anajua kwamba damu ikikorogwa tangu inapotoka shingoni haigandi, na mimi nilikuwa mmoja wa watoto hao. Nilijua jambo hilo kabla sijajua kusoma. Nadhani ni kusoma ndiko kulikonisahaulisha.

Nalisema mapema kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi, na nisipolitaja kosa mwanzoni nitalizunguka mpaka mwisho kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Serikali ya Waingereza ilikuwa imetutoa mashambani ikatupanga katika kijiji kipya juu ya Karurumo, nyumba zimefuatana kwa mstari kama watoto wa shule, handaki limetuzunguka, na ndani ya handaki vijiti vilivyochongwa. Tuliambiwa handaki ni la kutulinda dhidi ya watu wa msituni. Baadhi ya vijiti vilikuwa vimeelekezwa upande wetu, lakini hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyeuliza alipewa jembe akachimbe zaidi.

Shule yangu ilifungwa tukiwa katikati ya hesabu za sehemu, na mpaka leo sehemu zinanitia jasho. Nikapata kazi ya kufunga vidonda katika dispensari ya kijiji. Dawa za maana zilifika kwa shida, lakini aspirini haikukosekana. Aliyeumwa kichwa alipewa aspirini. Aliyeumwa mgongo kwa kuchimba handaki alipewa aspirini akarudi handakini. Mwanamke aliyesema moyo unamuuma kwa sababu mumewe yuko kizuizini alipewa za ziada. Ukiniuliza Hali ya Hatari ilikuwa na ladha gani, nitakwambia: chachu, nyeupe, na inabaki kooni.

Mkubwa wangu pale alikuwa Mmeru aliyesomea kazi ya kutoa dawa. Hakuwa daktari, lakini tulimwita Daktari, naye hakuona sababu ya kutusahihisha. Alikuwa na ulimi mkavu. Aliniita Profesa tangu siku aliyonikuta nimepanga chupa kwa herufi. Nilikuwa nimezipanga kwa urefu kwanza, kisha kwa herufi, kisha nikaingiwa na hofu kwamba mgonjwa atakufa wakati natafuta herufi, nikawa nazirudisha kwa urefu.

"Profesa," aliniambia, "kuna chupa nne tu."

Elimu yangu niliipata kwenye karatasi za kufungia. Chupa zilitujia zimeviringishwa kurasa za majarida ya kale ya waganga wa Kizungu, yaliyotupwa na hospitali fulani. Wenzangu waliziona ni karatasi za kusokotea tumbaku. Mimi nilizinyoosha chini ya Biblia, nikazisoma kwa msaada wa kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo na za mwisho. Kwa hiyo nilikuwa na ujuzi mkubwa wa magonjwa yaliyoanzia katikati ya alfabeti.

Ukurasa mmoja ulieleza kwamba katika nchi za baridi, ng'ombe waliokula majani yaliyovunda walivuja damu mpaka wakafa. Wataalamu wakatafuta kilichomo katika majani yale, wakakipata, wakakifanya sumu ya panya. Kisha wengine wakaanza kuwapa watu kitu cha aina hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, ili damu yao isigande ndani ya mishipa na kuleta kiharusi. Nilimsomea Daktari kwa msisimko.

"Sumu ya panya," alisema.

"Kwa kipimo kidogo, Daktari."

"Naamini. Sijapata kuona panya mwenye kiharusi."

Ukurasa mwingine ndio ulioniharibia usingizi. Ulisema kwamba daktari mmoja wa ng'ambo alishuku aspirini, hiyo hiyo yetu ya kila siku, inafanya damu ichelewe kuganda. Na kama ni hivyo, ukauliza ukurasa, je, haiwezi kuzuia damu kuganda moyoni na kichwani? Swali lilikuwa mwisho wa ukurasa. Jibu lilikuwa upande wa pili wa karatasi iliyofungia chupa nyingine, labda iliyokwenda kwenye dispensari nyingine, labda huko chini Kiritiri, ambako bila shaka mtu alikuwa amelivuta pamoja na tumbaku. Mtu mwingine angeacha hapo. Mimi siwezi kulala katika nyumba yenye mlango wa kabati ulio wazi kidogo, sembuse swali la kiharusi.

Sasa nimtaje mjomba wangu, ndugu wa mama, kwa sababu bila yeye haya yangebaki mchezo wa kijana na karatasi.

Mjomba alikuwa mchinjaji wa kijiji na fundi wa mutura. Alikuwa pia msemaji. Alisema akichinja, alisema akila, na mkewe aliapa kwamba alisema akiwa amelala. Mkewe alitoka Ruiri, upande wa Meru. Amri ya kuhamia vijijini ilipotolewa alikuwa kwao, amekwenda kumuuguza mama yake, na njia zikafungwa huku nyuma. Mtu wa kwetu hakuweza kuvuka kwenda huko bila kipande, yaani kitambulisho cha kupitia njiani, na kipande chake hakikugongwa muhuri bila cheti cha uaminifu, na cheti hakikutolewa mpaka usimame mbele ya kamati ya mchujo uungame kiapo ulicholishwa cha watu wa msituni kwa kinywa chako mwenyewe. Mjomba hakutaka ardhi wala cheo. Alitaka kwenda Ruiri akamchukue mkewe. Alikuwa akisema, "Nimebaki kuongea na mbuzi, na mbuzi wenyewe nawachinja."

Kuungama kulikuwa na kipimo, kama dawa. Ukiungama kidogo, kamati ilisema unaficha, ukarudishwa mwisho wa mstari. Ukiungama sana, ulipandishwa gari la kizuizini. Kilichotakiwa ni ungamo la wastani: kiapo kimoja, cha kulazimishwa, gizani, mbele ya watu usiowatambua au waliokwisha kufa. Mjomba alikuja kufanyia mazoezi dispensarini wakati nakunja bendeji, nami, kwa ugonjwa wangu wa kusahihisha, nikamnyooshea lugha.

"Usiseme walikulazimisha mara mbili, mjomba."

"Lakini walinilazimisha mara mbili."

"Sema mara moja. Ya pili watauliza ulikuwa umefuata nini."

"Nilikuwa nimefuata beberu wangu aliyepotea."

"Beberu usimtaje kabisa. Watamwita ashuhudie."

Alicheka mpaka akakohoa. Ungamo lake lilikuwa zuri. Lilikuwa na mwanzo, katikati na machozi.

Wiki ambayo kamati ilitarajiwa, mjomba alikuwa handakini na wenzake. Jembe likamdondoka mkononi. Akainama kuliokota, mkono wa kulia ukakataa. Mdomo ukaenda upande, maneno yakamtoka kama uji. Hedimani wa kijiji, aliyesimamia kazi, alimwambia aache maigizo. Kabla hedimani hajamaliza kufoka, mkono ukarudi, mdomo ukanyooka, na mjomba akamjibu kwa lugha fasaha ambayo sitaiandika. Alikuja kwetu akitembea mwenyewe, akiona aibu kidogo, kama mtu aliyeanguka sokoni.

Daktari alimpima, akamwangalia machoni, akamwambia akaze ngumi zote mbili. Mara hiyo hakufanya mzaha.

"Mzee, hili limepita, lakini limepita kama mpelelezi anavyopita. Linaweza kurudi na wenzake. Lori la dawa likija utapanda uende hospitali ya Embu. Nitakuombea ruhusa. Mpaka hapo usiguse jembe."

"Na kamati?"

"Kamati haiendi popote. Lini umeona kamati ikifa kwa kiharusi?"

Lakini wote tulijua kwamba aliyekosa zamu yake hakuambiwa zamu nyingine ni lini. Mjomba alitoka nje, akaniita kando ya ukuta.

"Mpwa wangu, wewe unasoma makaratasi. Nikienda Embu, Ruiri imepotea. Hakuna kitu kwenye makaratasi yako?"

Angeniuliza chochote kingine ningejibu kwa uoga. Aliniuliza kitu pekee nilichokuwa nikikiota.

Siku iliyofuata hedimani alichinjisha mbuzi. Afisa wa tarafa alikuwa amemsifu kwa unyoofu wa handaki, na hedimani alitaka unyoofu huo uliwe na wakubwa. Mjomba aliitwa achinje. Kisu hakikuhesabiwa kuwa jembe. Nilifika na vikombe viwili vya bati vya dispensari, nimevichemsha, nimevifunika kwa kitambaa safi.

"Damu unaitakia nini?" mjomba aliuliza. "Umekuwa mganga wa kupiga ramli?"

"Ni utafiti, mjomba."

"Unaliwa?"

"Baadaye."

Alinikingia vikombe vyote viwili kutoka shingo moja. Katika kimoja nilimimina unga wa aspirini niliokuwa nimeusaga. Unga ukaelea juu kama ugoro uliomwagika kwenye maji. Sikuupenda. Kazi chafu hainipi amani. Nikatoa kijiti, nacho nilikuwa nimekichemsha, nikakoroga. Nikakoroga kwenda kulia, nikakoroga kwenda kushoto ili unga usijifiche pembeni, nikaendelea mpaka chembe ya mwisho ikazama, kisha nikaongeza kidogo kwa ajili ya dhamiri. Kikombe cha pili sikukigusa hata kwa pumzi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba kitu cha kulinganishia huachwa kilivyo.

Nilipokitoa kijiti, kilikuwa na nyuzi laini zimekizunguka, za rangi ya waridi, kama sufi iliyolowa. Niliziona. Nilizifuta kwa majani ya mgomba zisichafue matokeo.

Mjomba alikuwa akinitazama muda wote. Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini hakusema neno: kwa macho yake sikuwa nafanya utafiti wowote. Nilikuwa nakoroga damu, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo, na alidhani namsaidia.

Tulipovitazama vikombe tena, kile kisichokuwa na dawa kilikuwa kimeganda kama ini. Chenye aspirini kilikuwa kinatembea ndani ya bati kama supu.  Nilikuwa nimejibu swali ambalo Wazungu walikuwa wameliacha mwisho wa ukurasa, tena kwa kijiti.

"Unaona, mjomba?"

"Naona. Lete huku nitie kwenye mutura."

Sikuwa na haraka ya kumkatalia. Matokeo nilikuwa nayo kichwani. Mutura ule uliliwa na hedimani, mkalimani wa kamati na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa pia katika kamati. Hedimani alikuwa ameamka na kichwa kizito kwa pombe ya jana. Alipomaliza kula alisema kichwa kimepoa. Hiyo ndiyo tiba pekee ya siku ile ninayoweza kuithibitisha.

Nilikimbia kwa Daktari. Alinisikiliza huku akikwangua matope viatuni.

"Profesa, kichwa cha mtu si kikombe. Na tuseme umesema kweli. Utajuaje kama mshipa wa mzee unaziba au unapasuka? Ukiziba, labda dawa yako itasaidia. Ukipasuka, damu isiyoganda ndiyo itakayomzamisha. Nje wanafanana. Umekorofishana na mjomba wako?"

"Hapana, Daktari."

"Basi mwache apande lori."

Alikuwa na haki ya kunipiga marufuku, lakini aliona amesema vya kutosha, na siku mbili baadaye aliitwa kwenye kambi ya askari kuwatazama mahabusu, na lori la dawa lilifika akiwa huko. Mwenye lori alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini, mtu wa kanzu safi hata kwenye matope, aliyeshusha shehena akauliza, "Yuko wapi mgonjwa niliyeambiwa?"

Mjomba alinitazama mimi. Hakumtazama mwenye lori, wala barabara. Nami nikasema, "Amepata nafuu."

Nilikuwa nimeshampa aspirini asubuhi hiyo na ile iliyotangulia, niliyoipima kwa mizani, nikaipima tena. Nilikuwa nimehakikisha kila kitu ila kile kilichohitaji kuhakikishwa. Lori likaenda Embu na nafasi tupu mbele.

Kamati ilikaa siku iliyofuata katika banda la kambi. Nilitakiwa kuwapo na chupa ya kunusisha wanaozimia, maana wengi walizimia, wengine kwa hofu na wengine kwa mpango. Nyuma ya meza alikaa afisa kijana wa Kizungu aliyekuwa na mafua, hedimani, mzee wa kanisa, na mkalimani. Mkalimani alikuwa mwalimu zamani. Alikuwa amegeuza maungamo ya tarafa nzima kwa Kiingereza, na nasema bila chuki kwamba aliyajua kuliko walioyaungama.

Mjomba alisimama. Alianza vizuri kabisa. Alisema jina lake, la baba yake, na mahali alipozaliwa. Alisema, "Usiku huo nilikuwa natoka," na nilijua anatoka kwa shemeji yake, kwa sababu beberu tulikwisha kumtoa. Kisha akanyamaza. Akafungua mdomo, upande mmoja wa mdomo ukabaki pale pale.

"Jembe," alisema.

Mkalimani alimgeukia afisa. Kisha akasema kwa Kiingereza, nami kwa Kiingereza changu cha karatasi nikamwelewa: "Anasema alikuwa anatoka kwa shemeji yake."

"Jembe," mjomba alisema, uso umejaa mshangao. "Jembe, jembe. Jembe."

"Akakutana na watu asiowatambua. Kulikuwa na giza."

Afisa alipenga kamasi. "Muulize ni nani mwingine aliyekuwapo."

Mkalimani akamuuliza kwa Kiembu. Mjomba alimkazia macho kama mtu anayenyoosha mkono kutoka kisimani. "Jembe," alisema polepole, kwa adabu.

"Wote wamekwisha kufa, bwana."

Hedimani alijongea mbele. "Mdomo wake umekwenda upande."

"Ni kiapo kinamtoka," mzee wa kanisa alisema. "Mwache kimtoke."

Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake. Nilijua ninachokiona, nilikuwa nimesoma kuhusu kiharusi kuliko mtu yeyote katika banda lile. Ningesema, "Bwana, mtu huyu ni mgonjwa," kikao kingesimama, na cheti kingesimama nacho. Nikashika chupa yangu. Nilijiambia kwamba hakuna dawa ya kumpa kwa vyovyote, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba namfanyia mjomba alichokitaka, jambo ambalo pia lilikuwa kweli. Kuna wakati mambo mawili ya kweli yanakaa pamoja na bado hayakupi usingizi.

Mkalimani alimalizia ungamo. Alilitia hata machozi. Kwa kweli mjomba alikuwa analia, jicho moja, kwa hiyo hapo tafsiri ilikuwa sahihi. Alipofika mwisho alisema mzee huyu anaomba kurudi kwenye kilimo na kuitumikia serikali kwa jasho lake.

"Jembe," mjomba alisema.

"Hilo nimelisikia mwenyewe," afisa alisema, akafurahi, maana lilikuwa moja ya maneno machache aliyokuwa amejifunza. Akaongeza kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza wiki hiyo kuzungumza bila kusukumwa. Akatia sahihi.

Mjomba alitaka kupokea cheti kwa mkono wa kulia, kama ilivyo heshima. Mkono haukwenda. Akautazama mkono, akatutazama sisi, akaanguka, na cheti kikaanguka naye. Mzee wa kanisa aliokota cheti, akakipuliza vumbi, akamtilia mfukoni. Ndipo nilipofungua chupa yangu ya kunusa, ambayo haikuwa na kazi yoyote pale.

Daktari hakunipigia kelele. Ningependa angepiga. Tulimlaza mjomba kwa ubavu, tukamsafisha mdomo, na Daktari akaniuliza nilimpa aspirini kwa siku ngapi. Nikamwambia.

"Labda haikufanya kitu," alisema. "Labda ilimsukuma. Labda bila hiyo angekufa palepale mezani. Mimi sijui, na wewe hujui, na ng'ambo hawajui. Lakini lori ulilijua."

Lori lilipopita tena, mjomba alipelekwa hospitali ya Embu. Alirudi baada ya muda mrefu akiwa anatembea kwa fimbo, mkono wa kulia umekunjwa kifuani, na neno lile moja. Akili ilikuwa yote. Ulimi ndio uliobaki na jembe peke yake. Alilitumia kwa salamu, kwa chakula, kwa hasira, na akimwona hedimani alilitamka kwa namna iliyomfanya hedimani abadili njia. Cheti alikuwa nacho. Kilikuwa halali kabisa, kila muhuri mahali pake. Kipande kikagongwa, na mimi nikaombewa ruhusa ya kumsindikiza, kwa kuwa mgonjwa hasafiri peke yake.

Mwenye lori ndiye aliyetupeleka Meru. Alimpandisha mjomba mbele kwa mikono yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Jembe," mjomba alisema.

Yule mtu akamfungia mlango. "Limepokelewa," alisema, akapiga injini moto. Hakuniuliza kuhusu ile nafuu. Nilingoja aniulize njia nzima, kupitia Chuka mpaka Meru mjini, na yeye akaongea juu ya bei ya matairi.

Ruiri ni nchi kavu kidogo kuliko kwetu, upepo mwingi, ng'ombe wengi. Shangazi, ndivyo nilivyomwita mke wa mjomba, alikuwa anapura maharage uani. Alitutazama tukija kwa mwendo wa fimbo. Hakukimbia, wala hakulia. Alijifuta mikono, akamshika mumewe kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anayenunua fahali.

"Mimi nilimwacha mtu anayesema hata usingizini," aliniambia. "Huyu mmemtoa wapi?"

"Jembe," mjomba alisema. Alilisema mara nyingi, kwa sauti ya kupanda na kushuka, akitikisa fimbo, na ilikuwa wazi kwamba anaeleza mambo yote tangu siku walipoachana, na handaki, na kamati, na mimi.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. "Haya," alisema. "Kumbe na mimi nitamaliza sentensi nikiwa katika nyumba hii."

Ndugu zake walitafuta mbuzi. Mjomba alidai kisu kwa ishara, wakamnyima, akakasirika, wakampa kazi ya damu. Shangazi alishika bakuli. Mjomba akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto, na damu ilipoanza kuingia akakoroga, vibaya kwanza, akimwagia shangazi nguo, kisha vizuri. Hapakuwa na unga wa aina yoyote katika bakuli lile. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Damu haikuganda. Alipotoa kijiti, nyuzi za rangi ya waridi, zile zinazoigandisha damu, zilikuwa zimekizunguka. Akazikusanya kwa kidole akamrushia mbwa.

Sijui nilitoa sauti gani. Shangazi aliniuliza kama naumwa.

"Shangazi, ukiiacha bila kukoroga?"

"Itaganda. Kwani kwenu huko kijiji kipya mnafanyaje?"

Mjomba aligeuka akanitazama. Alitazama kijiti, akanitazama tena, na niliona ile siku ya vikombe viwili ikimfikia, polepole.  Nilistahili neno lolote, na alikuwa nalo moja tu. Akaanza kucheka. Alicheka kwa nusu ya uso, mabega yakitikisika, mpaka shangazi akaondoa bakuli lisimwagike. "Jembe," alisema, akinielekezea kijiti. "Jembe, jembe." Nimeitwa mambo mengi tangu hapo, na hakuna aliyenipatia barabara hivyo.

Hakurudi Karurumo. Anaishi Ruiri, anakoroga damu ya mbuzi wa majirani, na shangazi anamalizia sentensi zake mwenyewe na za mumewe pia. Hali ya Hatari imekwisha. Handaki limeota majani na watoto wanaswaga mbuzi humo. Nasikia ng'ambo bado wanabishana kama aspirini inazuia kiharusi au haizuii. Siwalaumu, ila ningependa kujua nani anashika kijiti.

Mimi bado nafanya kazi dispensarini, na chupa zimepangwa kwa urefu. Nikikoroga kikombe kimoja, nakoroga na cha pili. Na mtu akija akaniambia mkono ulimfa ganzi kisha ukapona, simpi kitu. Namtafutia gari siku hiyo hiyo, na nasimama barabarani mpaka nimwone amepanda.